Seti ya kupandia mizabibu nyumbani: tathmini baada ya misimu minne

Nimesubiri misimu minne kabla ya kuandika tathmini hii, kwa sababu mzabibu hauhukumiwi siku sanduku linapofunguliwa. Mche uliopandwa leo hutumia mwaka wa kwanza kujenga mizizi, mwaka wa pili kujenga shina na mikono, yaani matawi makuu ya kudumu, na ni katika mwaka wa tatu ndipo unapofaa kuachiwa vichala vichache. Sifa zinazomiminwa na wanunuzi wiki moja baada ya kupokea mzigo ni sifa za sanduku tu. Seti ninayoizungumzia huuzwa na kitalu kimoja kinachowatumia wateja miche hadi mlangoni, nami sitakitaja jina, kwa kuwa malalamiko yangu ni ya upande mmoja na wenyewe hawapo hapa kujitetea. Hata hivyo seti za namna hii hufanana sana popote zinapouzwa, na mwenye ukuta unaopata jua au kipande cha bustani cha hatua kumi atanufaika kujua kipi humo ndani kina thamani na kipi kimewekwa kujazia nafasi.

Mzigo ulikuwa na miche mitatu isiyo na udongo kwenye mizizi, yaani miche iliyong'olewa ikiwa imelala kisha ikafungwa katika maranda mabichi: Muscat Hamburg mmoja, Sultana mmoja na Isabella mmoja. Pamoja nayo zilikuja nguzo tatu za mbao zilizotiwa dawa, kila moja ya urefu wa mita 2.4, bunda la waya, vikaza waya vinne, mkasi wa kupogolea, kifuko cha unga wa kuvu rafiki wa mizizi, kifuko cha salfa, na karatasi moja ya maelekezo iliyokunjwa mara nne. Karatasi hiyo, nyepesi kuliko kitu kingine chochote katika mzigo ule, ndiyo iliyonigharimu zaidi, lakini nitaifikia zamu yake ikifika.

Nianze na miche, ambayo ndiyo sababu ya kununua seti yenyewe. Muscat Hamburg na Sultana ilikuwa imebebeshwa, yaani kikonyo cha kila mmoja kimeunganishwa na mzabibu mwingine wenye mizizi, uitwao shina mama, hapa ni SO4, na lebo zililitaja wazi. Jambo hilo peke yake linanifanya nikiheshimu kitalu hicho, kwani wauzaji wengi huandika kwamba mche umebebeshwa, wakaishia hapo bila kusema umebebeshwa juu ya nini. Shina mama si pambo. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo anayefyonza mizizi, aitwaye filoksera, alifika Ufaransa kutoka Marekani na kuanza kuteketeza mashamba ya mizabibu. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea Jules Émile Planchon na wenzake walimkuta kwenye mizizi ya mizabibu iliyokuwa ikifa, na tiba iliyodumu haikuwa sumu bali ubebeshaji: juu mzabibu wa Ulaya, chini mizizi ya mizabibu ya Marekani, ambayo ilikuwa imekwisha kuzoeana na mdudu huyo kwa vizazi visivyohesabika. SO4 imetokana na kazi hiyo. Ni mseto wa Vitis berlandieri na Vitis riparia, humhimili filoksera na kuvumilia kiasi cha wastani cha chokaa ardhini, ingawa husukuma majani kwa nguvu, na mwenye udongo ulioshiba samadi atapogoa mpaka achoke. Isabella ulikuja juu ya mizizi yake wenyewe. Hilo halikunishangaza, kwa kuwa Isabella una damu ya Vitis labrusca, mzabibu wa porini wa Marekani, na mizizi yake humstahimili mdudu huyo kuliko mizizi ya mizabibu ya Ulaya.

Kabla ya kupanda, miche hulazwa majini usiku kucha ili mizizi iliyokauka safarini inywe. Nilipoitoa asubuhi niliketi nayo karibu na dirisha na kukagua makovu ya ubebeshaji, kazi ambayo ningemshauri kila mnunuzi aifanye siku ya kwanza na si siku ya tatu. Kovu zuri huzunguka shina lote kama pete iliyovimba kidogo, bila ufa wala uwazi. Ukilisukuma taratibu kwa kidole gumba halifunguki. Kovu la Sultana lilikuwa hivyo hasa. Kovu la Muscat Hamburg lilikuwa na upande mmoja, wa upana wa ukucha, ambao nyama za mti hazikuungana, na nilipokwangua gome juu yake kwa ncha ya kisu niliona rangi ya kahawia kavu mahali palipopaswa kuwa na kijani kibichi. Nilipaswa kuandika barua ya malalamiko siku ileile. Badala yake nilijiambia kwamba huenda mche utajitibu, nikaupanda.

Wiki sita baadaye ulichipua kwa nguvu ya kupendeza, kuushinda hata Sultana, nami nilijivuna mpaka siku nilipochuchumaa kuondoa magugu na kugundua kwamba machipukizi yote mawili yalitoka chini ya kovu. Juu ya kovu palikuwa pamekauka kabisa. Nilichokuwa nikikikuza ni shina mama lenyewe, ambalo halikuzalishwa kwa ajili ya zabibu za kula, na ambalo lingenipa majani mazuri miaka yote huku nikisubiri vichala visivyokuja. Nina hakika kwamba mizabibu mingi ya nyumbani inayolaumiwa kuwa "tasa" ni mashina mama yaliyoachwa yatambae baada ya kikonyo kilichobebeshwa kufa bila mwenye bustani kujua. Dalili ni rahisi kuziona ukizijua: chipukizi linatoka chini ya uvimbe, na majani yake hayafanani na ya mche mwingine wa aina ileile.

Nilituma picha tatu. Kitalu kilijibu baada ya siku mbili, hakikubishana, na msimu wa kupanda uliofuata kilinitumia mche mwingine bila kunidai hata gharama ya usafirishaji. Mche huo wa pili ndio unaozaa hadi leo, ukiwa nyuma ya wenzake kwa mwaka mmoja. Kwa huduma hiyo nawapa alama zote, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Muuzaji wa kitu hai anayekubali kosa bila kumlaumu mteja kwa kumwagilia vibaya ni muuzaji wa kushikamana naye.

Muscat Hamburg, kwa anayependa nasaba, ni mtoto wa Schiava Grossa na Muscat wa Alexandria. Schiava Grossa ndio aina ya ule mzabibu mkongwe wa Hampton Court nchini Uingereza, uliopandwa mwaka 1768 na ungali ukizaa, kwa hiyo mche wangu uliochelewa mwaka mmoja una jamaa anayeweza kuufundisha subira.

Mfumo wa nguzo na waya ndio sehemu dhaifu ya seti. Nguzo zenyewe sina neno nazo: ukizizamisha sentimita 60 ardhini hubaki mita 1.8 juu, kimo cha kutosha kwa waya wa kwanza wa kubebea mikono na nyaya mbili za juu za kushikilia machipukizi. Tatizo ni kwamba seti haina miegamo ya nguzo za mwisho. Waya uliokazwa huvuta nguzo ya mwisho kuelekea katikati mchana na usiku, na nguzo iliyosimama peke yake katika udongo uliolowa haina cha kujibia. Yangu ilianza kuinama katika msimu wa pili, kidogo kidogo, kiasi kwamba nilidhani ni macho yangu, hadi nilipoweka pima maji na kukuta nimechelewa. Nilichimba upya, nikaongeza mbao za kuegemeza kwa pembe, na hazijasogea tena.

Waya nao ulikuwa na unene wa milimita 1.6. Kwa kufungia machipukizi mepesi unatosha, lakini waya wa chini, unaobeba mikono, vichala na majani yaliyoloa mvua, huhitaji milimita 2.5 au zaidi. Msimu wa tatu waya huo ulilegea ukawa kama kamba ya kuanikia nguo, na kila nilipoukaza ulinyooka siku chache kisha ukarudi. Niliung'oa na kuweka mnene uliopakwa zinki. Ningependa kitalu kiuze seti ikiwa na waya mmoja mnene na nyaya mbili nyembamba. Tofauti ya gharama kwa mita chache za bustani ya nyumbani haiwezi kuwa sababu. Vikaza waya, kwa upande mwingine, ni vya chuma kizuri, havijashika kutu, na bado vinazunguka kwa mkono.

Mkasi ni wa aina ambayo makali mawili hupishana, si ile ambayo kisu hugonga kibao bapa. Hilo ni chaguo sahihi, kwa kuwa mkasi wa kugonga huponda tawi, na jeraha lililopondwa hukauka vibaya karibu na jicho unalotaka lichipue. Hukata bila shida matawi ya unene wa kidole. Zaidi ya hapo utahitaji msumeno mdogo. Springi yake huchomoka. Mara ya kwanza ilirukia ndani ya matandazo na nikaitafuta kwa magoti robo saa nzima, tangu hapo nimeifunga kwa uzi.

Kuhusu unga wa kuvu rafiki wa mizizi sina mengi: mche wa fidia niliupanda bila unga huo na umekua sawa na wenzake, jambo ambalo kwa mche mmoja si ushahidi, lakini halinisukumi kununua kifuko kingine.

Sasa karatasi. Nitende haki kwanza, kwa kuwa sehemu yake ya kupanda ni nzuri kuliko nyingi nilizowahi kusoma. Inasisitiza kwamba kovu la ubebeshaji libaki juu ya udongo, na inatoa sababu: likifukiwa, sehemu ya juu huota mizizi yake yenyewe, na faida yote ya shina mama hupotea polepole bila mtu kujua. Inashauri nafasi ya mita mbili kati ya mche na mche, saa saba au nane za jua kwa siku, udongo usiotuamisha maji, na kutotia mbolea ya naitrojeni mwaka wa kwanza. Inaagiza pia kuondoa vichala vyote katika miaka miwili ya mwanzo, na nilifuata agizo hilo ingawa mkono ulisita, maana hakuna anayefurahia kukata kichala cha kwanza cha mti wake mwenyewe.

Sehemu ya kupogoa ndiyo iliyoharibu mambo. Iliandikwa kwa sentensi tatu tu, kwa mizabibu yote mitatu kwa pamoja: kila msimu wa mapumziko, kata matawi yote ya mwaka uliopita yabaki visiki vya macho mawili. Ushauri huo si wa uongo. Kwa aina nyingi za zabibu ndio njia rahisi kuliko zote, na kwa Muscat Hamburg wangu unafanya kazi vizuri. Kwa Sultana ni sawa na kuagiza mti usizae.

Ili kueleza kwa nini, inabidi kurudi kwenye tabia ya mzabibu ambayo karatasi haikuigusa kabisa. Mzabibu hauzai juu ya mti mzee wala moja kwa moja juu ya tawi la mwaka jana. Huzaa juu ya chipukizi jipya, la msimu huu, linalotoka kwenye jicho la tawi la mwaka jana. Na kichala kitakachoonekana msimu huu hakianzi msimu huu. Chembe yake huumbwa ndani ya jicho katika msimu uliotangulia, jicho likiwa bado kijani kwenye kwapa la jani, na huumbwa vyema pale ambapo jicho limepata mwanga. Mkulima anayepogoa, kwa hiyo, hakati matawi tu: anachagua ni macho gani, yenye vichala vilivyokwisha kuandikwa ndani, yabaki, na ni yapi yaende kwenye rundo la takataka. Katika aina nyingi macho ya chini kabisa ya tawi, yaliyo karibu na shina, yana vichala ndani yake. Katika Sultana macho hayo ya chini huwa matupu au karibu matupu, na yenye vichala huanza mbele zaidi. Ukimkata Sultana abaki macho mawili umemwachia yale yasiyo na kitu na umetupa yote yenye kitu.

Ndivyo nilivyofanya, kwa uangalifu na kwa makali yaliyosafishwa kwa spiriti. Msimu wa tatu Isabella ulitoa vichala vya kujaza beseni, na Sultana, uliokuwa na afya kuliko yote, ulitandaza majani juu ya waya mpaka ukagusa nguzo ya upande wa pili bila kichala hata kimoja. Nilidhani ni kivuli. Nilidhani ni ukosefu wa mbolea, na nusura niiongeze, jambo ambalo lingezidisha majani. Nilidhani pia kwamba haukuchavushwa, wazo lisilo na msingi, kwa kuwa mizabibu mingi inayolimwa ina maua yenye sehemu za kiume na za kike pamoja na hujichavusha yenyewe. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mwenye uzoefu wa mizabibu, aliyeutazama mti, akahesabu visiki, akauliza ni aina gani, kisha akacheka.

"Huu haukatwi hivi," alisema. "Uachie matawi marefu, uyalaze kwenye waya, ndipo uje kulalamika."

Msimu wa mapumziko uliofuata nilichagua matawi manne ya mwaka uliotangulia, yenye unene wa penseli, gome la kahawia iliyokolea na vifundo visivyoachana mno, yale yaliyokulia juani. Kila moja nikaliachia macho 12, nikaliinamisha taratibu mpaka likalala juu ya waya, nikalifunga kwa kitambaa laini. Karibu na chanzo cha kila tawi niliacha kisiki cha macho mawili, si kwa ajili ya zabibu bali ili kitoe tawi la kulifunga mwaka unaofuata. Yaliyobaki yote niliyakata, na yalikuwa mengi: upogoaji wa mzabibu huondoa takriban sehemu tisa kati ya kumi za ukuaji wa mwaka uliopita, na anayeona huruma hapo atavuna vichala vingi vidogo vya zabibu chachu. Maji yalitona kwenye majeraha siku kadhaa. Utonaji huo humtisha asiyeuzoea, lakini ni dalili tu kwamba mizizi imeamka na kusukuma maji juu, nao hukoma wenyewe bila kuudhuru mti. Msimu wa nne Sultana ulinipa vichala 23.

Mahali ambapo hakuna baridi ya kuuangusha majani, mzabibu haulali sawasawa, na hapo kupogoa ndiko kunakouanzishia msimu mpya, hata kuwezesha mavuno mawili kwa mwaka. Kanuni ya macho haibadiliki. Bado Sultana hutaka matawi marefu, na karatasi ya sentensi tatu ingepotosha huko mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja.

Niliwaandikia tena wenye kitalu nikiwaeleza hayo. Safari hii jibu lilikuwa fupi: kwamba maelekezo yao ni ya jumla kwa mizabibu yote, na kwamba mteja anashauriwa kutafuta maarifa zaidi kulingana na aina aliyonunua. Hoja hiyo siikubali. Ni wao waliochagua aina zipi ziingie katika seti, na ni wao waliozifunga pamoja. Anayeuza aina tatu zenye tabia tofauti hawezi kuandika maelekezo ya aina moja na kuyaita ya jumla.

Kasoro ya pili ya karatasi ni ndogo, ila ina hatari zaidi kwa wenye hali ya hewa ya unyevu. Inazungumzia "ukungu wa majani" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, na kuagiza ile salfa iliyomo kwenye kifuko. Magonjwa ni mawili. Ubwiri unga hufunika majani na zabibu changa kwa vumbi jeupe la kijivu, haungoji mvua, na salfa huuzuia ikipuliziwa mapema. Ubwiri vinyoya huanza kama madoa ya manjano yenye mng'ao wa mafuta juu ya jani, kisha unyoya mweupe chini yake, huja na mvua na majani yaliyolala yakiwa yameloa, na salfa haiufai. Dawa yake ya kale ni mchanganyiko wa mrututu, yaani salfeti ya shaba, na chokaa, ambao Pierre-Marie-Alexis Millardet aliutangaza huko Bordeaux mwaka 1885 baada ya kuona kwamba mizabibu ya kando ya barabara, iliyomwagiwa mchanganyiko huo ili wapita njia wasiibe zabibu, ilibaki na majani yake wakati mingine ikipukutika. Aliyeshika kifuko cha salfa mbele ya ubwiri vinyoya atapulizia wiki tatu na kupoteza majani yote.

Salfa yenyewe nayo ina masharti ambayo hayakuandikwa: haipuliziwi joto likizidi nyuzi 30 za Selsiasi, kwa kuwa huunguza majani, na baadhi ya aina zenye damu ya labrusca, Concord ikiwamo, huungua hata pasipo joto hilo. Kwa hiyo Isabella niliujaribia majani mawili kwanza, na mwishowe nikaona hauhitaji. Kinga iliyonisaidia kuliko kifuko chochote ni kuyaondoa majani machache yanayofunika vichala upande wa jua la asubuhi, mara tu baada ya zabibu kushika, ili upepo upite na umande ukauke upesi.

Juu ya matunda yenyewe, seti imechaguliwa vizuri, na huenda aliyeichagua si yule aliyeandika karatasi. Isabella ina ganda zito linaloteleza na kuacha nyama mkononi, na harufu kali ambayo watu huipenda sana au huikataa kabisa. Ni nzuri kwa maji ya zabibu na jamu kuliko kwa kula mezani. Muscat Hamburg, kwa mavuno yake ya kwanza na ya pekee hadi sasa, ni bora kuliko zote kwa ladha, ingawa vichala vyake hushika kwa kupungukiwa, zabibu kubwa na ndogo zikichanganyika katika kichala kimoja, tabia inayojulikana ya aina hiyo. Sultana haina mbegu, ni tamu, na ni ndogo kuliko zile za dukani. Mnunuzi asidhani ameuziwa bandia: wakulima wakubwa tangu miaka ya 1960 huipulizia homoni ya jibereli na mara nyingine huchuna pete ya gome ili zabibu zinenepe, na bustani ya nyumbani haina haja ya hayo yote.

Kitu kimoja ambacho seti yoyote ya mizabibu ingepaswa kuwa nacho, na hii haina, ni wavu. Zabibu haiivi ikishachumwa. Kichala kilichokatwa kichachu kitabaki kichachu, kwa hiyo huna njia ya kuwawahi ndege kwa kuvuna mapema. Hubadilika rangi kwanza, na rangi hiyo ndiyo inayowaita ndege, kumbe utamu huendelea kupanda kwa wiki kadhaa baadaye. Mimi huonja zabibu ya ncha ya chini ya kichala, ambayo huiva mwisho, na kwa zile zenye mbegu hutazama kama mbegu zimegeuka kahawia. Katika muda huo wote wavu ndio unaoamua zabibu ni za nani.

Kwa aliye na nguzo, ukuta au paa la kutambazia, ningemshauri anunue miche peke yake kutoka kitalu hicho, waya mnene kutoka kwa muuzaji wa vifaa vya ujenzi, na mkasi wowote wa makali yanayopishana. Asiye na kitu chochote anaweza kununua seti nzima, akijua kwamba ataongeza miegamo, atabadilisha waya mmoja, na atailaza karatasi pembeni akishamaliza kupanda. Kabla ya kulipa aulize mambo mawili kwa maandishi: jina la shina mama, na idadi ya macho ya kuacha kwa kila aina.

Lebo zilizokuja na miche zilikuwa za karatasi ngumu na zilififia kabla ya msimu wa kwanza kwisha. Nimekata vipande vya bati, nikavitoboa, na kuandika kwa ncha ya msumari. Cha kwanza kinasema Muscat Hamburg, macho mawili. Cha pili Isabella, macho manne. Cha Sultana nilikikata kirefu zaidi ili maneno yaenee: macho 12, usikate kifupi.